Ngeu Darajani

Machi 21
Theluji tena. Mke wangu Effie alikuwa anaandika hali ya hewa kwenye kalenda ya jikoni, neno moja au mawili kila siku. Tangu afe kalenda iko tupu. Nimejaribu kuiendeleza lakini vile visanduku vidogo na mkono wangu mkubwa haviendani. Nimechukua daftari. Kuandika sijui vizuri. Nitaandika hivyo hivyo.

Machi 22
Upepo wa kaskazini mashariki. Barafu ya bahari imeingia ghuba nzima, imefika mpaka mdomo wa bandari. Kiwanda cha kaa hakifunguliwi mpaka itoke. Sina kazi. Nipo nyumbani na mkamwana na mjukuu.

Machi 25
Mkamwana anaitwa Kirsten. Ni mtu wa Alberta, bara, kwenye mashamba ya ngano. Bahari kaiona ukubwani. Mwanangu Derrick bado yuko kule kwenye visima vya mafuta, atarudi kiangazi kujenga nyumba hapa. Kaniletea mke na mtoto kabla. Uwanja wa ndege alinishika bega akasema, "Baba, nakuachia hawa wawili." Basi. Akapanda ndege.

Mtoto ni Maisie. Ameanza kutambaa.

Leo nilimwambia Kirsten nimemwekea samaki darajani. Hakuuliza. Akavaa makoti, akamfunga mtoto kifuani, akatembea mpaka daraja la kijito, huko chini bandarini. Na upepo ule. Akarudi pua nyekundu. "Baba, hakuna samaki."

Samaki alikuwa kwenye ndoo nje ya mlango wa jikoni. Sisi huku Sabina Cove ile sakafu ya mbao nje ya mlango tunaiita daraja. Ndivyo tulivyozaliwa tukasikia. Yeye anaiita baraza.

Gid Hillier, jirani wa ng'ambo ya bandari, kasikia. Kapiga simu makusudi kunitania. Mimi ni Am, na Gid humwita kila mtu mwanangu. "Am, mwanangu, nimekuwekea gunia la viazi kanisani. Usiende kwa padri, liko chooni kwangu."

Kirsten alicheka. Mimi pia. Nilikuwa sijacheka muda.

Machi 30
Baridi. Kuni zinakwisha.

Aprili 4
Redioni wanasema dubu mweupe kaonekana kaskazini, vijiji viwili kutoka kwetu. Kaja na barafu. Wanakuja hivyo, wamelala juu ya vipande vya barafu kama abiria, wanafuata sili, wale wanyama wa baharini wenye mapezi. Barafu ikigusa ardhi wanashuka.

Kirsten aliuliza, "Wanakula watu?"
Nikamwambia wanakula sili.
"Na wakikosa sili?"
Nikamwambia chai inapoa.

Aprili 9
Nimefanya ujinga wa kwenda ukingoni na darubini ya Effie kutazama barafu. Kila kipande nakiona kinatembea. Nimerudi ndani.

Aprili 12
Jua. Theluji ya daraja imeshuka, mbao zimetokea. Aibu. Msimu mzima nilimwaga majivu ya jiko ili tusiteleze, na chumvi juu yake. Majivu yamelowa yamekuwa uji mweusi. Chini ya mahali nilipopanga kuni kuna ute wa kijani, ukikanyaga unaondoka na mguu. Misumari imeinuka vichwa kwa baridi. Wakati wa Effie lilikuwa linang'aa tangu Pasaka.

Kirsten kasimama mlangoni na mtoto kiunoni. "Baba, nataka huyu atambae nje. Hii baraza unaweza kuisafisha?"
"Daraja," nikasema.
"Baraza, daraja, iite chochote. Ina uchafu."

Aprili 13
Nimehamisha kuni zote. Mgongo.

Aprili 14
Nimekwangua kwa sepeto. Halafu maji ya moto na sabuni ya unga na ufagio mgumu. Maji yanatiririka meusi. Nikapiga magoti, nikasugua ubao mmoja mmoja kufuata mishipa ya mbao. Kirsten alileta chai ya maziwa ya kopo akaiweka mbali, asilikanyage. Akasema mikono yangu itapasuka. Nikamwambia ilishapasuka zamani.

Nilikuwa namwona mlegevu, huyu msichana. Anaogopa upepo, anaogopa chumvi, anachemsha maji ya kunywa. Bunduki yangu ilikuwa imesimama nyuma ya mlango miaka yote, yeye akasema siyo na mtoto ndani. Nimeipeleka stoo, nje, nikaifungia. Nikanung'unika. Lakini chai anajua kupika.

Aprili 17
Mvua juu ya theluji. Hakuna kazi.

Aprili 18
Nimepiga misumari yote ikazama. Ubao mmoja umeoza pembeni, nimeubadilisha. Daraja limekuwa jeupe kama mfupa. Kirsten kafurahi. Akasema tununue mjini dawa ya dukani ya kupaka mbao, isiyo na harufu.

Nikamwambia dukani wanauza maji. Baba yangu alikuwa anapaka ngeu, ule udongo mwekundu, kachanganya na mafuta ya sili. Banda lake la samaki lilisimama miaka na miaka likipigwa na bahari. Halikuoza. Lilikuwa jekundu mpaka unaliona kutoka baharini.

"Mafuta ya sili," akasema Kirsten. "Kwenye sakafu ya mtoto."
"Yakikauka hayanuki."
"Yanakauka lini?"
"Yakitaka."

Aprili 22
Gid karudi kutoka barafuni na sili wawili. Jioni tulikula mapezi ya sili yaliyookwa ndani ya unga, kwake. Kirsten alikula vipande viwili kabla ya kuuliza ni nini. Gid akasema, "Ni kuku wa huku, kipenzi. Anaogelea." Kanipa ndoo ya mafuta.

Aprili 27
Siku kavu. Nimechemsha mafuta ufukweni kwenye sufuria kuukuu, nikatia ngeu, kopo la mwisho la baba, lilikuwa rafuni bandani. Nimepaka daraja lote na ngazi zake. Jekundu! Nilisimama uani nikaliangalia mpaka giza likaanza kuingia. Effie angelipenda.

Harufu ni kali, sikatai. Gid kapiga simu kutoka ng'ambo. "We Am, umekufa? Nani anaoza huko?"

Aprili 28
Upepo umegeuka, unatoka nchi kavu kwenda baharini. Bahati. Harufu yote inakwenda barafuni, ndani hatusikii kitu. Kirsten kaacha kulalamika.

Aprili 29
Ukungu. Mafuta hayakauki.

Aprili 30
Ukungu. Nikigusa, kidole kinatoka chekundu.

Mei 1
Ukungu. Upepo ule ule, mdogo, unakwenda baharini. Tunatumia mlango wa mbele, ambao huku hautumii mtu yeyote ila maiti na polisi. Mlango ule umevimba, nimeufungua kwa bega.

Mei 2
Nilikuwa nanyoa. Wembe uko shavuni. Ndipo likanijia.

Baba alikuwa anapaka mwezi wa saba.

Kila mwaka, mwezi wa saba, baada ya watu kuvuna nyasi za mbuzi. Mimi ndiye nilikuwa namshikia kopo. Sikuwahi kujiuliza kwa nini asipake mapema, wakati ana nafasi. Mwezi wa saba barafu haipo. Hakuna barafu, hakuna dubu.

Na mimi nimepaka mafuta ya sili daraja zima, upande wa bahari, barafu ikiwa mlangoni. Halafu upepo umekaa siku zote hizi unaibeba harufu kuipeleka kule. Ni kama nimepika nikapiga kengele.

Nimejikata. Kirsten aliuliza damu ya nini. Nikamwambia wembe.

Mei 3
Ukungu umenyanyuka kidogo asubuhi. Nimetembea ufukweni. Kwenye theluji iliyobaki chini ya mwamba kuna alama. Nimeweka buti langu ndani ya alama moja. Buti limepotea.

Pengine ni za zamani. Jua likiyeyusha theluji alama ya mbwa inakuwa kubwa. Nimejiambia hivyo njia nzima.

Nimerudi nikamwambia Kirsten asitoke na mtoto.
"Kwa nini?"
"Njia mbovu."
"Jana ulisema njia imekauka."
"Leo mbovu."
Akaniangalia. Akasema, "Baba, mimi si mfungwa." Ningemwambia nini? Kwamba nilikataa dawa ya dukani, nikajifanya najua, nikaita mnyama?

Mei 4
Nimejaribu kusugua kwa sabuni. Inasambaa tu. Mikono myekundu mpaka viwiko. Kirsten kauliza kwa nini naiosha tena baada ya kuisifia vile. Nikasema rangi haijakaa sawa.

Mbwa wa shangazi Vi wa posta kabweka mchana kutwa akitazama baharini. Shangazi Vi ni shangazi wa kila mtu. Mbwa wake ni mzee, habweki hata kwa watoto wanaomvuta mkia.

Naogopa. Naandika kwa sababu hakuna wa kumwambia. Ubao ukilia, nageuka. Mbao zinalia zikikauka, najua, nimezipiga misumari mwenyewe.

Mei 5
Gid anayo dawa ya magadi, ile kali ya kutoa rangi kwenye boti. Inakula mafuta. Kesho asubuhi nitaifuata, nimwage, nisugue, iishe. Kirsten hatajua kitu.

Mei 6
Naandika sasa. Nitaandika yote.

Asubuhi ukungu ulikuwa umeondoka. Nilimwambia Kirsten, "Naenda kwa Gid. Kaa ndani mpaka nirudi." Akasema posta kuna mzigo wa nepi za Maisie. Nikasema nitauchukua. Hakujibu. Nikachukulia amekubali.

Nilikwenda kwa miguu, nikaacha pikapu uani. Nilifikiri nikitembea nitaona alama kama zipo. Sikuona. Nilipita posta, kanisa, nikavuka daraja la kijito, nikazunguka mpaka upande wa Gid. Kutoka bandani kwake unaiona nyumba yangu moja kwa moja, ng'ambo ya bandari.

Gid alikuwa anatafuta magadi, anatupa vitu. "Unataka kuoshea nini, Am? Dhambi?" Nilikuwa nimesimama dirishani. Nikaona Kirsten kaanika blanketi darajani. Blanketi la rangi ya maziwa, juu ya ule wekundu. Nikakasirika. Nikasema moyoni, kaanika blanketi kwenye mafuta mabichi, halitatakata.

Blanketi likanyanyua kichwa.

Alikuwa analamba. Kichwa kinakwenda huku na huku, polepole, kama mtu anayepiga deki. Sijui nilisema nini. Gid kaja, kaangalia, akaacha mdomo wazi. Gid!

Nikapiga simu ya nyumbani. Ikalia, ikalia. Nilimwona yule mnyama kageuza kichwa kwenye mlango wa jikoni, anaisikiliza. Nikakata haraka. Halafu nikawaza, kwa nini hakupokea? Nikapiga simu yake ya mkononi, ambayo mtandao hushika karibu na kanisa tu. Akapokea. Upepo mtupu.

"Baba, niko posta, usinigombeze, nimekuja tu kuchuk..."
"Kirsten! Dubu! Dubu yuko darajani!"
"Wapi?"
"Darajani! Yuko darajani! Usi..."
Ikakatika.

Nikapiga tena. Haikushika.

Kutoka dirishani nikamwona anatoka posta na kigari cha mtoto. Mdogo kama kidole. Akasimama. Akageuka nyuma, akaangalia kule kwenye kijito, kwenye lile daraja la barabara. Kwenye daraja lake yeye. Halafu akageuka akaanza kukimbia, anasukuma kigari mbele yake, anakimbia kweli kweli. Kuelekea nyumbani.

Nilipiga kelele mpaka koo likachanika. Bandari nzima katikati yetu. Gid alikuwa ameshawasha gari.

Barabara inazunguka. Ukishapita nyumba ya Gid, kilima cha kanisa kinaificha nyumba yangu, huoni kitu. Nilikuwa nasema tu, baraza, baraza, baraza. Neno lake nalijua. Nimelisikia kila siku tangu aje. Ningesema baraza angeelewa, angebaki posta, angefunga mlango na shangazi Vi. Gid akasema, "Shika kitu, Am." Tukavuka daraja la kijito, matairi yakateleza, yakashika.

Hapo tukasikia honi. Honi ya pikapu yangu, naijua, ina mafua. Ndefu, haikatiki. Nikasema yuko hai. Anayepiga honi yuko hai.

Tulikuwa tunapita kanisa ilipokatika.

Sitaki kuandika kile kimya. Gid alikuwa anaendesha na machozi, nilimwona.

Tukaingia uani. Kitu cha kwanza kilikuwa kigari. Kimelala ubavu getini, magurudumu juu, kimepondwa kama kopo la maziwa. Kitambaa cha kigari kilikuwa na wekundu. Ndani tupu.

Niliona kigari. Dubu sikumwona kwanza. Alikuwa amesimama kwa miguu ya nyuma, amelaza mikono juu ya pikapu yangu, tumbo lake jekundu, mdomo mwekundu, ananusa kioo. Kioo kimejaa viganja vyekundu. Gari linatikisika. Nikafungua mlango wa gari la Gid nishuke. Bunduki iko stoo, stoo iko nyuma yake, nilikuwa naenda hivyo hivyo na mikono yangu. Gid kanikamata kola, kanirudisha, kakanyaga pedali ya mafuta. Akamwendea yule mnyama na gari, honi juu, anatukana matusi ambayo sijawahi kuyasikia hata baharini.

Dubu hakukimbia. Alishuka, akatuangalia, akapita kando ya gari karibu kiasi kwamba nilisikia pumzi yake. Ilinuka sili. Ilinuka daraja langu. Akateremka ufukweni, akaingia barafuni, anatembea tu.

Nikafungua pikapu. Kirsten alikuwa sakafuni, chini ya usukani, amekunjwa juu ya mtoto, hawaonekani, ni mgongo wa koti tu. Nikamgusa akapiga yowe. Nikasema ni mimi, mwanangu, ni mimi, ni baba.

Akanyanyua uso. Akasema, "Nilifikiri ni wewe."

Sikuelewa.

"Getini. Kulikuwa na wekundu kwenye theluji. Nyayo nyekundu. Nilifikiri ni damu yako, baba. Nikakuita. Nikaita kwa nguvu. Ndipo akanyanyuka."

Aliniita mimi. Hakukimbia, aliniita mimi kwanza.

Akamchomoa mtoto kwenye kigari, akaona pikapu iko karibu kuliko mlango. Siku zote alikuwa anasema niwe nafunga milango ya gari na mimi nikamwambia huku hafungi mtu. Leo ilikuwa wazi. Akabonyeza honi. Alipoona honi inamleta dubu badala ya kumfukuza, akaiacha, akalala sakafuni.

Maisie alikuwa amepoteza soksi moja. Zaidi ya hilo hana kitu.

Maofisa wa wanyamapori wamekuja mchana kutoka mjini, wamerusha fataki kutoka ukingoni mpaka dubu akaenda mbali. Mmoja akaangalia daraja, akanusa, akaniangalia. Kijana mpole. Akasema, "Mzee, hii ni nini?" Kirsten alikuwa amesimama pale. Nikasema ni mafuta ya sili na ngeu. Akafunga kitabu chake. Akasema, "Ah."

Walipoondoka Kirsten akaniuliza, "Ulikuwa unajua?"
"Tangu juzi kati."
"Ndiyo maana ya njia mbovu."
"Ndiyo."
"Ningekaa ndani, baba. Ungeniambia tu ningekaa ndani."

Akaenda chumbani na mtoto. Nimesikia akivuta sanduku chini ya kitanda.

Mei 7
Wamehamia kwa shangazi Vi. Nimembebea sanduku.

Bunduki nimeirudisha nyuma ya mlango. Hakuna mtoto wa kuigusa.

Mei 8
Derrick kapiga simu. Alipiga kelele halafu akalia halafu akasema, "Ungekuwa na mama ungemwambia mama." Kweli. Effie ningemwambia, angenitukana, tungepiga deki siku ile ile.

Mei 9
Nimemwaga magadi ya Gid. Daraja limetoa mapovu mekundu. Nasugua na kuangalia nyuma. Nasugua mara mbili, naangalia nyuma. Kazi haiendi. Kwenye ubao wa mlangoni kuna mikwaruzo ya kucha, imeingia ndani kama patasi. Alikuwa amefika mlangoni kabisa. Wangekaa ndani kama nilivyosema, wangekuwa jikoni.

Mei 10
Nasugua.

Mei 11
Nilikuwa magotini nikasikia ubao unalia nyuma yangu. Nilirusha brashi, nikaanguka kwa makalio.

Alikuwa Kirsten. Amevaa mabuti ya shangazi Vi, makubwa, na glavu za mpira. Akaniangalia pale chini. Akasema, "Umeniogopa mimi?" Nikasema ndiyo. Akataka kucheka, akajizuia.

"Sijakusamehe," akasema. "Mtoto yuko kwa shangazi. Nipe brashi."

Akapiga magoti upande wa pili, akageukia kwangu, bahari mgongoni kwake. Mimi bahari usoni. Akasema, "Wewe angalia kwangu, mimi naangalia kwako." Tukasugua hivyo mpaka mchana. Kazi ikaenda.

Akaniambia jambo. Akasema neno la daraja alikuwa analijua vizuri, tangu siku ile ya samaki. "Lakini nilipoogopa nilisikia kwa masikio ya nyumbani."
Nikamwambia mimi nilipoogopa nilisema kwa mdomo wa nyumbani.
Akasema, "Basi tungekufa kwa lugha."

Nilikuwa nikimwona mlegevu. Nafuta hilo neno, ila sitalikata, libaki hapo juu nilione.

Mei 13
Wamerudi. Sanduku limerudi chini ya kitanda. Mlango wa jikoni nimeweka komeo. Bunduki iko juu ya kabati, imefungiwa, ufunguo anao yeye.

Mei 16
Tumepaka dawa ya dukani. Haina harufu. Haina rangi. Imekauka siku ile ile.

Mei 19
Kiwanda wanasema wiki ijayo. Upepo wa magharibi mkali.

Mei 20
Redioni: dubu kaonekana mbali kusini, juu ya barafu, mwenye miguu myekundu. Mtangazaji akasema pengine kaumia. Kirsten akanyanyua macho kwenye sahani, akaniangalia. Gid kapiga simu mara moja. "Am! Daraja lako linatembea, limepita redioni!"

Mei 24
Barafu imetoka. Maji meusi mpaka upeo. Nimekaa nikayaangalia asubuhi nzima. Hofu haikutoka na barafu. Nilifikiri vitatoka pamoja.

Mei 28
Kazi kiwandani. Miguu.

Juni 3
Kazi.

Juni 8
Jumapili. Jua, upepo mdogo. Maisie katambaa nje leo, mara ya kwanza. Kirsten alikaa chini kwenye mbao, mimi kwenye ngazi. Mtoto akaenda moja kwa moja kwenye ile mikwaruzo ya mlangoni. Nilitaka kubadilisha ule ubao, Kirsten alikataa. Mtoto akatia vidole ndani ya alama, vikaenea vyote, akacheka.

Mama yake Kirsten alipiga simu kutoka Alberta. Nikamsikia Kirsten akisema, "Tuko nje, mama. Tuko darajani." Halafu akasikiliza. Akasema, "Hapana, si la mtoni."

Mimi siku hizi nasema baraza. Gid ananicheka, anasema nimeolewa bara. Acha acheke. Neno moja la kupotea si kitu.

Lakini kabla ya kumfungulia mtoto mlango, naangalia bahari kwanza. Naangalia kushoto, naangalia kulia, naangalia chini ya ngazi. Kirsten anasubiri nyuma yangu na mtoto kiunoni, hasemi "baba, barafu haipo." Anasubiri nimalize. Halafu anaangalia na yeye.